Mtoto wa shingo upande

Siku ya arobaini ya mtoto wa kaka yangu tulipiga picha nyingi kuliko za harusi ya wazazi wake. Alipigwa akiwa amepakatwa na bibi yake, akapigwa na babu, akapigwa peke yake katikati ya kitanda amevishwa kanzu ndogo ambayo mikono yake ilimfunika hadi vidole. Usiku, wageni wameshaondoka na ubani ungali unanukia chumbani, nilikaa sebuleni kuzipitia kwenye simu ili nichague za kuwatumia ndugu. Picha ya kwanza, kichwa cha mtoto kimeinamia bega la kulia na kidevu kimeelekea kushoto. Ya pili vilevile. Ya tisa vilevile. Nikarudi nyuma hadi picha za wiki ya kwanza, akiwa bado na utepe wa hospitali mkononi: kichwa kulia, kidevu kushoto.

Nikamwita wifi. Alizitazama, akanyamaza, kisha akasema jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. "Wifi, huyu ziwa la kushoto halitaki. Tangu azaliwe. Nikimpakata upande ule analia mpaka sauti inakauka. Nikadhani maziwa ya upande huo yana kasoro."

Mama yangu, ambaye ndiye bibi wa mtoto, alikuwa na jibu tayari, kama walivyo bibi wote wa Tanga. Mtoto kalala vibaya. Yataletwa mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani, atakandwa shingo asubuhi na jioni, na itanyooka. "Wewe mwenyewe ulikuwa hivyo hivyo," akaniambia, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Au pengine ni kweli. Enzi zile hatukuwa na picha.

Kwa Kiswahili, mtu akikubali jambo shingo upande, amekubali mdomo tu. Mtoto wetu naye alikuwa hivyo hasa. Ukimgeuza kulia anageuka kidogo, anafika mahali, anagoma. Ukimwachia, kichwa kinarudi kilikotoka kama mlango uliofungiwa mpira.

Hospitalini hali hii huitwa tortikolisi, neno lenye asili ya Kilatini, maana yake shingo iliyosokotwa. Kwa watoto wengi wachanga wenye shingo ya namna hii mifupa haina tatizo. Tatizo liko kwenye msuli mmoja. Jaribu kwenye mwili wako mwenyewe. Geuza uso kushoto kadiri uwezavyo, kisha papasa shingo upande wa kulia. Utagusa kamba nene inayoanzia kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio na kushuka kwa mshazari hadi pale mtulinga unapokutana na mfupa wa kidari. Ndio huo msuli, na kila mtu anayo miwili, mmoja kila upande. Wa kulia ukijikaza hufanya mambo mawili kwa mpigo: huinamisha sikio la kulia kwenye bega lake, na huupeleka uso kushoto. Mtoto ambaye msuli wake wa kulia ni mfupi au umekaza hukaa hivyo saa zote. Ndizo picha zangu.

Na ndilo ziwa la kushoto. Mama akimpakata mtoto kwa namna tuliyoizoea, kichwa kikiwa kwenye kiwiko cha mkono wa kushoto, mtoto huligeukia ziwa kwa kupeleka uso kulia. Huyu kulia hakufiki. Alikuwa anaililia shingo, sisi tukayasingizia maziwa.

Wataalamu wa mifupa huihesabu shingo hii kuwa ya tatu kwa wingi kati ya kasoro za viungo ambazo mtoto huzaliwa nazo, baada ya nyonga iliyoteguka na miguu kifundo. Makadirio yanayotajwa sana ni kati ya watoto 3 na 20 katika kila 1,000 wanaozaliwa. Juu ya sababu hawajakubaliana, ila wanajua ni watoto gani huipata zaidi: kifungua mimba, kwa kuwa tumbo la uzazi la kwanza hubana, mtoto mkubwa, aliyetanguliza makalio, aliyezaliwa kwa taabu akavutwa kwa mashine au koleo. Wetu alikuwa kifungua mimba, kilo nne na ushee, na mama yake alishikwa na uchungu usiku wa kuamkia Jumatano akajifungua Alhamisi. Hakuna aliyemtazama kwa jicho baya. Wala mama yake hakuinua ndoo ambayo hakupaswa kuinua, ingawa jirani mmoja alilisema hilo mbele yake na mpaka leo sijamsamehe.

Nikiwa katika kusomasoma nilikutana na habari kwamba Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, alieleza kuwa shingo ya Aleksanda Mkuu iliinama kidogo kushoto, na kwamba madaktari wa siku hizi wameandika makala kubishana alikuwa na nini. Nikamweleza mama. Akasema, "Basi huyu atakuwa mkuu wa mkoa," akaendelea kuchuja tui.

Wiki ya sita tukaenda chanjo. Zahanati yenyewe siitaji. Muuguzi alimpima uzito, akaandika kwenye kadi, akamchoma sindano mbili za mapaja, akampa na matone. Wifi alipomwonyesha shingo, alijibu bila kuinua macho kwenye kadi: "Atakua, itajinyoosha yenyewe." Simlaumu sana. Foleni ilikuwa imetoka nje mpaka chini ya mwembe na yeye alikuwa peke yake na msaidizi mmoja. Lakini kauli ile ina ukweli nusu. Kweli watoto wengi wa shingo hii hupona bila kisu. Ila hawaponi kwa kuachwa, wanapona kwa kufanyiwa kazi, na kazi yenyewe ina saa yake.

Saa hiyo inapimika. Wataalamu wa fiziotherapia ya watoto wa Marekani walitoa mwongozo mwaka 2013, wakauhuisha 2018, na ndani yake zimo hesabu ambazo ningependa zibandikwe kwenye ukuta wa kila kliniki ya mama na mtoto. Mtoto akianza mazoezi kabla ya kutimiza mwezi mmoja, watoto 98 katika 100 hupata mgeuko wa kawaida wa shingo, na kwa wastani huchukua mwezi mmoja na nusu tu. Akianza baada ya mwezi, ni kama miezi 6. Akianza baada ya miezi 6, ni miezi 9 hadi 10, na hapo wapo ambao msuli hautakubali tena. Kabla ya hapo, mwaka 2001, madaktari wa Hong Kong walikuwa wameshatangaza matokeo ya watoto 821 waliowafuatilia wakinyooshwa shingo kwa mikono. Waliohitaji upasuaji walikuwa wachache, na mwanzo wa mapema ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowatenga waliopona vizuri na wasiopona.

Sisi tulikuwa tumekwisha kuupoteza mwezi wa kwanza kwa kufurahia.

Tulimwona mtaalamu wa fiziotherapia, au daktari wa mazoezi kama wagonjwa wanavyomwita, mtoto akiwa na wiki nane. Zahanati kwa kawaida hazina mtu wa kazi hii. Ni lazima upate rufaa hadi hospitali kubwa. Dar es Salaam ipo MOI pale Muhimbili na CCBRT kule Msasani, Moshi ipo KCMC ambako wataalamu hawa pia hufundishwa. Tulikokwenda sisi palikuwa na chumba kimoja chenye godoro jembamba lililovikwa plastiki ya bluu, kioo cha ukutani, na kapu la vinyago vilivyochakaa.

Jambo la kwanza lililotushangaza ni kwamba shingo hakuigusa. Alianza na miguu. Alimkunja mtoto magoti, akamfungua mapaja taratibu huku na huku, akasikiliza kwa vidole. Wifi akanitupia jicho: tumeleta shingo, huyu anatazama nyonga. Akatuambia kwamba mtoto aliyebanwa tumboni hadi shingo ikapinda, nyonga nayo pengine haikusalimika, na hizi mbili hufuatana mara nyingi kuliko bahati tu inavyoeleza. Kisha akapitisha mpira mwekundu mbele ya macho ya mtoto, kwa sababu wapo watoto wanaoinamisha kichwa kwa kasoro ya jicho, si ya msuli. Akamgeuza akatazama kisogo. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho picha hazikuonyesha: kisogo upande wa kushoto kilikuwa kimeanza kuwa bapa, kwa kulaliwa mahali pamoja usiku na mchana.

Mwisho kabisa akaja kwenye shingo. Akapapasa ule msuli, akachukua kidole cha wifi akakiweka. Palikuwa na kinundu kigumu kama kokwa ya tende, ndani ya nyama, kikienda na kurudi pamoja na msuli. Wifi akaondoa mkono kama aliyeungua. Daktari akamwahi: hiyo si saratani, wala si jipu. Ni nyuzi za msuli zilizogeuka kuwa kovu. Hutokea katika wiki za mwanzo, huonekana wazi mtoto akiwa na wiki mbili tatu, na hufifia yenyewe ndani ya miezi michache. Haikandwi, haichomwi, haichanjwi chale. "Watu watakushauri," alisema. "Wewe itikia tu, ila mtoto usimtoe."

Kisha akauliza, "Mimi nitamwona mara moja kwa wiki, nusu saa. Wewe uko naye saa ngapi?"

Wifi akacheka, kicheko cha kwanza siku ile.

"Basi mgonjwa ni wako. Mimi ni mkaguzi tu."

Mama alikuwa amekuja nasi, amekaa kwenye kiti cha pembeni na mkoba wake mapajani, na nadhani alikuwa akingoja kuambiwa kwamba mafuta yake ni ushamba. Badala yake daktari alimgeukia akasema, "Bibi, shikamoo tena. Hebu nionyeshe unavyomkanda." Mama akavua bangili. Akamlaza mjukuu mapajani, akapeleka viganja viwili shingoni, na mtoto akatulia kama anavyotulia kwake kila mara. Daktari alitazama hadi mwisho. "Mikono yako mizuri sana, bibi. Huo utulivu mimi ulinichukua miaka. Naomba mambo mawili tu: nguvu upunguze, na hapa penye kinundu usipaguse. Na kile cha kumshika kichwa na kumning'iniza ili shingo ivutike, kama kuna mtu anakifanya, akiache leo." Mama hakujibu. Ila njiani kurudi alisema, bila kuulizwa, kwamba yeye alikuwa anamnyanyua kidogo tu.

Naeleza hili kwa kirefu kwa sababu naamini pale ndipo mtoto alipoponea. Nimeona nyumba ambazo mama mtoto anarudi hospitalini na karatasi ya maelekezo, anaifungia chumbani, na mkwewe anaendelea na yake kila mama mtoto akienda kuoga. Mtoto mmoja, tiba mbili zinazopingana. Kwetu bibi alipewa kazi, na kazi aliyopewa ilikuwa ya kweli.

Mazoezi yenyewe yalikuwa mawili, na tuliyajaribu kwanza kwenye mwanasesere wa kitambaa. La kwanza, mtoto yuko chali, mkono mmoja umetulia begani ili kifua kisifuate kichwa, mkono wa pili umebeba kichwa kwa kiganja, na uso unapelekwa polepole upande wake mgumu, kwa wetu kulia, hadi pale unapohisi msuli umekataa. Hapo unasimama. Husukumi. Unakaa hapo kama sekunde 10 kwa kuanzia, baadaye hadi 30, huku unamwimbia, kisha unarudi katikati. La pili, bega la kulia unalizuia lisipande, kichwa unakiinamisha taratibu ili sikio la kushoto lilikaribie bega la kushoto, na uso uendelee kutazama juu. Basi. Mara chache kila kipindi, na vipindi vingi kwa siku, kila nepi inapobadilishwa kwa mfano, kwa sababu msuli wa mtoto husikia zaidi kidogo kidogo cha mara nyingi kuliko nguvu ya mara moja. Akilia kwa kukasirika unambembeleza. Akilia kwa maumivu, akijikaza mwili mzima, akibadilika rangi au pumzi, unaacha, na unamwuliza mtaalamu kabla ya kurudia.

Lipo na la tatu, ambalo kaka yangu alilipenda kwa kuwa linaonekana kama kubeba mtoto tu. Anamlaza kwa ubavu wa kulia mbele ya kifua chake, mgongo wa mtoto ukimwegemea yeye, uso ukitazama nje. Mkono mmoja unapita kati ya miguu kumshikilia, na ule mwingine unapita chini ya sikio la kulia, kati ya kichwa na bega, ukikiinua kichwa kitoke begani. Alikuwa akizunguka naye hivyo uani jioni, akimwonyesha kuku.

Lakini dakika za mazoezi ukizijumlisha zote hazifiki saa moja. Saa zilizobaki ndizo zilizokuwa zikimpinda, kwa hiyo ilibidi nyumba igeuzwe.

Tulianza na kitanda. Kimegota ukutani, kama vitanda vingi vya kwetu, na mtoto alikuwa akilala ukutani, mama yake upande wa nje. Kwa jinsi alivyolazwa, kila kitu cha maana duniani kilikuwa kushoto kwake: mama, mlango, taa, sauti ya redio. Angegeukia kulia atazame nini, chokaa? Tukambadilisha, kichwa kikaenda kulikokuwa na miguu. Ukuta ukawa kushoto, mama akawa kulia. Haikugharimu hata shilingi, na nadhani ilifanya kazi kuliko jambo jingine lolote tulilolifanya wiki ile.

Aliendelea kulala chali, hilo halikubadilika. Wapo waliotushauri tumlaze kifudifudi usiku ili kisogo kipone, na wapo walioleta mito ya kuzungushia kichwa. Vyote viwili ni hatari kwa mtoto aliyelala. Tangu 1992, madaktari wa watoto wa Marekani walipoanza kuhimiza watoto walazwe chali, vifo vya ghafla vya usingizini kwao vilipungua karibu kwa nusu. Watoto wenye kisogo bapa nao wakaongezeka, na hapo ndipo wakaongeza sharti la pili: mchana, akiwa macho na mtu mzima akimtazama, alazwe kifudifudi. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja ambaye hajaanza kutambaa anahitaji angalau dakika 30 za namna hiyo kwa siku, zikigawanywa. Wetu mwanzoni alivumilia dakika moja. Alipiga uso mkekani akalia kama aliyedhulumiwa. Tukahamia kifuani kwa baba yake, ambaye alilala chali naye juu yake, na kwa kuwa alitaka kuziona zile ndevu alianza kuinua kichwa. Baadaye mapajani, kisha mkekani, huku msichana wa kazi akitikisa upande wa kulia chupa ndogo yenye mchele ndani na kifuniko kilichogandishwa kwa gundi.

Kwenye kunyonya, wifi alielekezwa njia ya mzunguko. Kwa siku chache za mwanzo amweke kwapani upande wa kushoto, miguu ikielekea nyuma, kichwa mbele. Hapo mtoto hulifikia ziwa la kushoto bila kuhitaji kugeuka kulia. Ziwa lilikuwa limeanza kujaa na kuuma, kwa hiyo nafuu ilikuwa ya wawili. Shingo ilipoanza kulegea, akarudi kwenye kiwiko, na kila mnyonyo ukawa zoezi lenyewe. Mtoto mwenye njaa hugeuza shingo kwa bidii ambayo hakuna daktari anayeweza kumtia.

Na mbeleko. Hapa sisi tuna kitu ambacho wenzetu wa Ulaya na Marekani wanakinunua kwa bei kubwa madukani. Mtoto aliye mgongoni hajalalia kisogo, na kila mama yake anapoinama kufagia, shingo yake inajifunza kujishika. Mradi kanga ifike juu na kushika kichwa mpaka awe na uwezo wa kukibeba mwenyewe, pua na mdomo visifunikwe, na shavu lisilazwe upande uleule kila siku. Wetu alitakiwa atazame kulia. Akigeukia kushoto, yeyote aliyekuwa nyuma alimgeuza. Viti vya gari na vile vya kubembea vya plastiki, kwa upande mwingine, humweka mtoto kichwa kikiwa kimeegemea, saa nzima. Tulikuwa tumeletewa kimoja kama zawadi na tukakirudisha kwenye boksi lake.

Shida ikawa kukumbuka. Babu anauliza kulia kwake au kulia kwa mtoto. Msichana wa kazi naye alichanganya mara mbili. Wifi akafunga uzi mwekundu kwenye nguzo ya kitanda upande wa kulia wa mtoto, na mwingine kwenye kishikizo cha kulia cha kila nguo yake, na amri ikawa moja: mgeuze kwenye uzi. Watu wa mtaa walipouona wakajua ni hirizi. Mama hakuwakatalia. Alisema inasaidia, wasije wakamshauri zaidi.

Niseme na hili, kwa uzito unaostahili, maana si kila shingo iliyokaza ni ya kunyooshwa. Mtoto ambaye shingo yake imekakamaa ghafla, ana homa, hataki kunyonya, anatapika, utosi umevimba, analegea au anapata degedege, huyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku wa manane. Homa ya uti wa mgongo haingoji kupambazuke. Mtoto aliyekuwa na shingo nzuri kisha ikapinda miezi baadaye naye achunguzwe kabla mtu hajamgusa. Hali kadhalika asiyenyanyua mkono mmoja tangu kuzaliwa, anayelia ukimgusa mtulinga, anayepinda mgongo na kutapika kila baada ya kunyonya, au ambaye macho yake hayaendi pamoja. Hao shida yao inaweza kuwa kwenye mifupa, mishipa, tumbo au macho, na kumnyoosha mtoto mwenye kasoro ya pingili za shingo ni kumdhuru. Ndiyo maana yule daktari alianzia kwenye nyonga na macho, na ndiyo maana nakuomba usiyafanye mazoezi niliyoyaeleza kwa sababu tu umeyasoma gazetini. Kuhamisha kitanda, kubadilisha ziwa, kumlaza kifudifudi akiwa macho, hayo hayahitaji ruhusa ya mtu. Kushika kichwa na kukigeuza kunahitaji uonyeshwe.

Wachache ambao msuli haulegei hata baada ya miezi mingi ya kazi ya dhati, madaktari huukata na kuurefusha, kwa kawaida mtoto akishavuka mwaka mmoja, na baada ya hapo mazoezi hurudi palepale. Wanaoachwa kabisa hukua na uso usiolingana, jicho moja na shavu moja vikiwa chini ya vya upande wa pili. Nimewaona watu wazima wa namna hiyo, nawe bila shaka umewaona, na tulipokuwa watoto tuliwapa majina ya utani.

Kinundu cha mtoto wetu kilipotea akiwa na miezi mitano. Siku moja wifi alikitafuta hakukipata, akaniita nikitafute na mimi. Kisogo kilianza kujaa alipoanza kukaa. Miezi saba ilipotimia, daktari alimkalisha mbele ya kioo, akamtikisia funguo kulia, na kidevu kikavuka bega bila mwili kufuata. Akaandika kwenye kadi, akasema tuje baada ya miezi mitatu. Mpaka sasa akichoka sana au akishikwa na mafua kichwa kinaelemea kulia kidogo, na mama yangu huwa wa kwanza kukiona.

Kama una mtoto mchanga nyumbani, mtazame leo. Mlaze chali, simama kichwani kwake, tikisa kitu kinachomvutia upande mmoja kisha wa pili, uone kama anageuka sawa kote kuwili. Fungua picha zake kwenye simu uzipitie kwa mfululizo. Papasa kisogo. Ukiona upande mmoja hauendi, kliniki inafunguliwa Jumatatu asubuhi. Usisubiri zamu ya chanjo, na muuguzi akikwambia atanyooka mwenyewe, mwombe kwa adabu akuandikie rufaa.